Rubani wa Mistari Kumi na Moja

Jumapili, Mkomaindo, Masasi. Joto la Oktoba, umeme hakuna.

(Hili ni daftari langu la miaka ya tisini, nalinakili hapa bila kulipamba. Mwenye kisa ametangulia mbele ya haki, na ruhusa aliniachia mwenyewe: "Andika, ila lile jina liache hukohuko.")

Nimerudi kutoka Mkunya sasa hivi, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na nina hasira na mtu ambaye hayupo. Hayupo duniani wala angani. Nimemtunga mwenyewe!

Siku hizi magazeti binafsi yameota kama uyoga, na moja la kila wiki limekubali kuchapa riwaya yangu ya vita vya angani. Ndani yake mna marubani saba wa ndege za kivita zinazoruka baina ya sayari. Sita wana kazi ya maana. Wa saba nilimtaka kwa jambo moja tu: amwone adui, aogope, ageuze chombo, alipuliwe. Mistari kumi na moja, basi, tuendelee na hadithi.

Nikataka jina lisilo na mwenyewe. Likanijia moja ambalo marehemu bibi, mama yake mama, alikuwa akilitaja akimenya mihogo, halafu anacheka peke yake. Nikaliona tamu, nikaliandika.

Laiti ningeuliza.

Kumbe ni jina la utotoni la mjomba wangu! Na kwetu mwanamume akitoka jandoni hupewa jina jipya, la zamani linabaki kule. Ukimwita kwa hilo la zamani umemtukana, na watu wameshang'oana meno kwa sababu hiyo. Sasa mimi mwanamke, mambo ya jandoni hatuambiwi, ningejuaje?

Ijumaa watu walikuwa wamepanga foleni na magunia ya korosho kwa mnunuzi binafsi pale Mkunya. Mizani ilikuwa haijafika, karani akawasomea gazeti kupitisha muda. Alipofika kwenye lile jina, wazee wakamgeukia mjomba, naye alikuwa palepale foleni. Halafu mmoja aliyekwenda jandoni pamoja na mjomba akaangua kicheko. Mjomba akajitwika gunia lake, akarudi nalo nyumbani bila kuuza.

Na Jumamosi ijayo wazee wa Yusufu wanakuja kutoka Lupaso kuleta posa yangu. Nina miaka thelathini na minne, jamani, hata mashangazi wamechoka kuniombea. Kwetu mjomba asipowapokea wageni, hakuna posa. Naye ametuma ujumbe: "Mwambieni huyo rubani wake ndiye awapokee."

Eti rubani!

Leo nikadandia lori, nikapanda Mkunya na kilo mbili za sukari. Nikapiga magoti uani.

"Shikamoo mjomba."

Alikuwa anabangua korosho, hata macho hakuinua. Mtu mzima kunyimwa marahaba, heri kofi. Nikaeleza yote: bibi, mihogo, ujinga wangu. Nikasema jina nitalibadilisha na radhi nitaiomba gazetini. Akaendelea kubangua.

Halafu akauliza taratibu, "Nani alikwambia niligeuza?"

Sikuelewa. Nikamwambia hakuna mtu aliyeniambia lolote, nimetunga tu. Akanitazama sana, mwisho akaniamini. Ndipo akasema. Siku ya kwanza jandoni alitoroka, akaja kujificha jikoni kwa mama yake, nyuma ya kuni. Bibi akampa muhogo wa kuchoma, akamwambia atoke kabla hawajaja kumtafuta. Akarudi kule kwa miguu yake. Hakuna aliyejua ila wao wawili.

"Mama alinicheka mpaka anakufa," akasema, "lakini hakunisema."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nimemsema mbele ya nchi nzima bila hata kujua.

"La jina umeomba radhi, limekwisha. Lakini huyo uliyemlipua, nafasi ya kurudi ulimpa? Mimi nilirudi."

Nikasema nitamrudisha. Sasa nimekaa hapa na kibatari, na nakiri nimekwama. Nimfufueje mtu aliyelipuka wiki hii hii? Moto niliueleza vizuri mno, kiherehere changu! Labda kilicholipuka ni chombo cha adui, moshi ukawachanganya wenzake. Wasomaji watanicheka. Wacheke. Akirudi vitani kamanda atampa jina jipya, na la zamani halitatajwa tena kwenye riwaya yangu. Kesho posta ikifunguliwa nitampigia simu mhariri. Najua ataniuliza, rubani gani, yule wa mistari michache? Huyo huyo. Nataka ukurasa mzima.

Nimesahau kuandika tulivyoagana.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni pa ua, nimekata tamaa maana kuhusu Jumamosi hakuwa amegusia neno. Nikasikia nyuma yangu:

"Wageni wangapi?"

"Sita, mjomba."

Akachukua korosho nyingine, akaipasua, akaitazama.

"Marahaba," akasema.