Wimbo wa Naomi na Sauti ya Honorine

Papa Ketsia, mpendwa wetu Balagizi, mwaka umetimia tangu ulale usiamke pale hospitali ya Westmead, na mkeo Honorine hana raha. Kwaya yako ya Granville inaimba opera yako Jumamosi hii, na wimbo wa Naomi, yule mjane wa Biblia, anaopaswa kuuimba yeye, umemkwama kooni.

Unajijua ulivyokuwa. Humwandikii mtu wimbo kabla hujamsikiliza akipiga soga. Unarudi kutoka kazini kwenye ghala la Minto, buti bado miguuni, unamkalisha mwimbaji jikoni: "Hebu nisimulie, jana ulikula nini?" Yeye anasimulia, wewe unaitafuta sauti yake kwenye kinanda mpaka ugali unapoa. Yvette, mwanakwaya mwenzetu, ulimwandikia mistari mifupi kwa ajili ya pumu yake, wala hukumwambia. Roho nzuri ulikuwa nayo, na ubishi pia, jamani!

Sasa daftari lako la nyimbo limetuhangaisha. Wimbo wa Naomi uliuandika wodini, kwa sauti ya chini mno, na nani asiyejua kwamba Honorine ni soprano, mwimbaji wa sauti ya juu? Tukasema ni dawa za hospitali zilizokuchanganya. Fiacre, mpiga kinanda wako, akaupandisha. Wiki tatu Honorine anaufukuza, sauti inamkatikia pale pale Naomi anapomlilia mumewe. Juzi akaweka daftari mezani.

"Mpeni Yvette. Mimi nitamwaibisha Papa Ketsia mbele za watu."

"Mama, no!" binti yako Ketsia akasema. Yvette naye akakataa katakata, akamtaka Fiacre apige kama ulivyoandika.

Akapiga. Honorine akaimba polepole, kwa woga, akingoja pa kukwama. Hapakuwepo. Pumzi ikamtosha mpaka mwisho. Akamshika dada yako Anésie mkono.

"Hii ndiyo sauti niliyomwimbia wodini, koo limenikauka kwa kulia. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala."

Kumbe ulikuwa unasikiliza. Ulijua atabaki na sauti gani, ukamwandikia hiyo. Utusamehe kwa kukusahihisha.

Jumamosi ataimba. Ataimba kama ulivyoandika.

Tunaokukumbuka ni mkeo Honorine, binti yako Ketsia, dada yako Anésie na wanakwaya wako wote. Hututoki moyoni, Papa, siku zote za maisha yetu.