Usingizi wa Mkekani

Bugarama, Jumapili

Dada yangu Mama Shija,

Shikamoo. Nasikia huko Samuye mvua imenyesha na yule ng'ombe mweusi amezaa. Nimefurahi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu.

Ulitaka nitibiwe, basi natibiwa. Zahanati ina mshauri anaitwa Justa, binti mpole. Kwanza tunaongea. Mimi namweleza habari za mpunga, naye anaandika. Halafu ananizoeza akili: anagonga meza kwa kalamu, nami nagonga vilevile alivyogonga. Sijakosea hata siku moja. Mwisho tunafanya yoga pamoja na wagonjwa wengine. Tunalala chali mkekani, tunavuta pumzi taratibu na kufumba macho, eti usingizi utakuja wenyewe. Wenzangu wanakoroma. Mimi nahesabu mabati.

Dada, pale msibani nilikuambia Shija alikufa papo hapo duara, lile shimo letu la dhahabu, lilipoporomoka. Nilikudanganya. Kifusi kilitutenganisha, yeye upande ule, mimi huku. Akawa anagonga mwamba kwa jiwe nami namjibu, siku mbili nzima. Siku ya tatu nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka niligonga, nikagonga tena, mpaka walipokuja kunitoa.

Justa anasema siku nitakayosinzia pale mkekani ndiyo nitakuwa nimeanza kupona. Sijamwambia kwamba nilishawahi kusinzia.

Ni mimi mdogo wako,
Herman