Lozi za Madam Ashwaq

Jumeirah Lake Towers,
Dubai.
14 Novemba 2014

Mpendwa Shangazi Saleha,

Shikamoo shangazi yangu. Nakuomba radhi kwa kimya changu. Vipi miguu, bado inavimba? Na mwanangu Mwajabu, anakula vizuri? Naamini mko salama hapo Chumbageni. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo umechoka.

Simu yangu ilichukuliwa tangu Ramadhani, ndiyo maana hunipati. Mkataba wangu ulikwisha mwezi huohuo. Kila nikimwomba mwajiri wangu, Madam Ashwaq, pasipoti yangu, hunijibu, “Khalas, Joha, baada ya karamu.” Karamu ikipita, huja nyingine.

Huyu madam anapenda mapishi ya kale, ya Baghdad enzi za makhalifa. Karibu yote ni lozi. Naziloweka, nazimenya, nazitwanga, kisha nazikamua tui kama tunavyokamua nazi, tui hilo linapikiwa kuku. Kuna na lauzinaji: lozi zilizosagwa na sukari, zinafungwa ndani ya manda nyembamba kuliko za sambusa, zinamwagiwa shira na maji ya mawaridi. Wageni wanasema walikula hivi masultani. Vidole vyangu vimechubuka, na harufu ya mawaridi sasa inanitia kichefuchefu.

Tupo ghorofa ya juu sana, madirisha hayafunguki. Madam akitoka hufunga mlango kwa nje. Anasema ni kwa usalama wangu. Siku moja king'ora cha moto kililia, nikagonga mlango huo mpaka mikono ikafa ganzi. Kumbe walikuwa wanajaribu mitambo tu. Nilikaa sakafuni nikamlilia Mwajabu.

Basi wiki mbili zilizopita akaja mgeni mmoja mtu mzima, Bi Rukiya, Mzanzibari aliyeishi huku tangu ujana wake. Alipoonja lauzinaji akataka kumwona mpishi. Madam akaniita sebuleni.

“Watoka wapi, mwanangu?” akaniuliza kwa Kiswahili mbele ya watu wote.

Shangazi, miezi yote ile sijasikia mtu akiniita mwanangu. Machozi yakanijaa.

“Usilie,” akasema, huku anatabasamu na kunionesha sahani. “Cheka, jifanye wanipa mapishi. Una nini?”

Nikacheka. Nikaishika ile sahani nikamwambia, “Mkataba umekwisha, pasipoti anayo yeye, na mlango hufungwa kwa nje. Nina mtoto nyumbani.”

“Je, wataka kwenda kwenu?”

“Nataka, bibi. Hata leo.”

Madam akauliza tunasema nini. Bi Rukiya akamjibu kwa Kiarabu kwamba namweleza namna ya kukunja manda. Wote wakafurahi.

Siku chache baadaye akarudi na mwanawe Musab, anayejua sheria za huku. Wakanywa chai kwanza. Kisha Musab akamwambia madam, kwa upole kabisa, kwamba kafeel, yaani mwajiri aliyekudhamini, haruhusiwi kuzuia pasipoti ya mtu wala kumfungia ndani. Madam akabadilika rangi. Akasema, “Mwiteni mwenyewe. Joha ana furaha hapa.”

Nikaja nikasimama mbele yake. Nikasema, “Madam, nataka kwenda kwetu.” Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa, akaingia chumbani akalia. Alipotoka, akampa Musab pasipoti yangu. Alinitaka kitu kimoja tu: nibaki mpaka mwisho wa mwezi nimfundishe lozi mpishi mpya. Nikakubali.

Mpishi huyo amefika leo asubuhi. Ni Mkenya, anaitwa Serah, mcheshi, na naye ameacha watoto. Madam alipotoka tukasikia ufunguo ukizungushwa. Serah akanigeukia, kicheko kimemkauka.

“Dada, anatufungia?”

Nikamwambia, ndiyo. Mimi natoka, shangazi, na yeye ndiye anayeingia mahali pangu.

Mjukuu wa Bi Rukiya anakuja Tanga kesho; jioni hii atapita kuichukua barua hii, ndiye atakayekukabidhi. Msalimie mdogo wangu Kondo, na Mama Elisante wa jirani. Mbusu Mwajabu, mwambie mama anakuja, usimtajie siku. Mungu akulinde mpaka nikushike mkono.

Lozi nimeziloweka, lakini sijamfundisha Serah kuzimenya. Nimeanza na namba ya simu ya Bi Rukiya, aliyoniachia siku ile. Tumekaa sakafuni jikoni, anaisema, anakosea, anaanza tena, na hatuinuki mpaka imkae kichwani.

Mwanao akupendaye,
Joha