Taa za Mlingoti na Majani ya Jana

Wesley,

Nimekasirika, na kwa vile huwezi kunikatiza kama ulivyozoea, utanisikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi naenda kortini. Yule dereva wa lori tuliloligonga yuko rumande mwezi wa nane sasa, na mimi ndiye shahidi anayetegemewa na upande wa mashtaka, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha pikapu na wewe ulikuwa umekaa kando yangu. Nitaulizwa swali moja la maana: kulikuwa na alama yoyote barabarani? Polisi niliwaambia hapakuwa na kitu. Wewe unajua nilichosema ndani ya gari. Wewe peke yako.

Nina hasira na lile lori. Liliharibikia kwenye kona saa moja asubuhi, katika ukungu ule wa kwetu unaoweza kukupotezea ng'ombe ndani ya boma lako mwenyewe. Taa za nyuma hazikuwa zikiwaka, wala si siku hiyo tu. Zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani dereva hakuwa nazo. Vibandiko vya kung'aa vilikuwa vimefunikwa na matope. Mwenye lori hajakanyaga kortini hata siku moja, yeye ana madereva wa kufungwa kwa niaba yake.

Na wewe pia nina hasira nawe. Miaka tisa ulikuwa fundi wa umeme kwenye meli ya watalii, unapanda mlingoti ukiwa umefungwa mkanda, unabadilisha taa huku meli inayumba chini yako, na ulirudi nyumbani bila hata mkwaruzo. Halafu ukaja likizo, ukafia ndani ya pikapu ya viazi. Nani hufanya hivyo?

Huku kwetu Kuresoi kazi yako hawakuielewa kamwe. Unakumbuka Baba alivyokuuliza mbele ya wageni, "Hiyo meli haina tanga, sasa mlingoti ni wa nini?" Ukaweka kikombe chini, ukachukua viazi vitano kwenye sahani. Viwili ukavipanga mbele na nyuma: hizo ni taa nyeupe za mlingoti, na ya nyuma iko juu kuliko ya mbele, ili mwenzako aliye mbali ajue unaelekea wapi. Kimoja kushoto, nyekundu. Kimoja kulia, kijani. Cha mwisho mkiani, nyeupe. Ukasema meli ile ina maelfu ya taa, za dansi, za bwawa la kuogelea, za madirisha, na zote ni za kuwafurahisha wenye tikiti. Hizi tano si zao. Ni za mtu aliye kwenye meli nyingine. Mlingoti upo ili zile mbili nyeupe za kwanza, pamoja na rada na honi, zikae juu mahali ambapo hakuna kitu cha kuzifunika.

"Mtu haweki hizo taa ndio aone," ulisema. "Anaziweka ndio aonekane." Baba akala kile kiazi cha kijani, akasema basi meli yako imeharibika. Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Ndipo ukatueleza habari ya meli iliyoharibika kwelikweli. Ikishindwa kujiongoza, inawasha taa mbili nyekundu mlingotini, moja juu ya nyingine, na mchana inaning'iniza mipira miwili myeusi. Inawaambia wengine: mimi siwezi kukupisha, nipishe wewe. Ikishapona, zinazimwa saa ileile. Hapo uliinua kidole kama mhubiri. Ukiziacha zinawaka na meli ni nzima, ulisema, umedanganya bahari yote, na siku utakayopata shida hakuna atakayekuamini.

Kutokea hapo ndipo ulipoanza ile tabia ya kuniaibisha. Sisi gari likikwama tunakata matawi, tunayatandaza barabarani hatua kadhaa nyuma yake kuwaonya wanaokuja. Gari likipona tunaondoka na majani yanabaki. Hakuna anayerudi kuyaokota. Kila tulipoteremsha viazi Nakuru ulinisimamisha njiani, ukashuka na viatu vyako vya ng'ambo, ukaokota majani ya watu usiowajua na kuyatupa mtaroni. Madereva wanatupigia honi, mimi natazama pembeni nijifanye sikujui. Nilikuambia, "Kaka, hii si bahari." Ukanijibu, "Ndio maana mnakufa."

Asubuhi ile tulikuwa tumechelewa. Nilikuwa na mteja pale Nakuru, mtaa wa Bondeni, aliyetaka magunia yake mapema, na wewe ulikuwa umeshika thermosi ya chai katikati ya magoti. Majani yalikuwepo, Wesley. Uliyaona kabla yangu. Ukasema, "Joan, punguza." Nami nikasema, "Hayo ni ya jana."

Sikugusa breki. Upande wako ndio ulioingia chini ya lori.

Hayakuwa ya jana. Yalikuwa ya mkaratusi, mabichi kabisa. Niliyaona baadaye yamenasa kwenye bampa, bado yananuka kama dawa ya mafua.

Nyumba yako ya mjini, ile ya mtaa wa Section 58, tumeifunga, Mama hataki kusikia habari ya mpangaji. Meli imepata fundi mwingine. Walituma sanduku lako, na ndani yake ulikuwemo ule mkanda wa kupandia mlingoti. Mama ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, anaupangusa vumbi kila Jumamosi. Kanisani wananishika mkono na kuniambia Mungu aliniokoa kwa kusudi lake. Kila wakisema hivyo natamani kuwatupia viazi.

Wiki iliyopita mke wa yule dereva alinijia pale Bondeni. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Alingoja nimalize wateja, akasema, "Dada, mimi sikukuja na vita. Bwanangu anasema aliweka majani, alikata na panga yake mwenyewe. Nauliza tu, wewe uliyaona?"

Nikamwambia, "Sikuona kitu."

Akasema asante. Akanishukuru kwa kumjibu, Wesley, akaenda zake.

Siku nzima nilimkasirikia yule mama. Nilimkasirikia kwa kuja, kwa upole wake, hata kwa mtoto wake asiyelia. Jioni nikiwa nafunga magunia hasira ikakosa mtu wa kumwendea, ikanirudia mwenyewe. Dereva ana makosa yake na nitayataja yote, taa, matope na pembetatu. Lakini alishuka kwenye ukungu akakata matawi ili mimi nisife. Alituambia ukweli. Mimi nikauita uongo, kisha nikaenda polisi nikasema haukuwepo. Na yale ya jana, ya juzi, ya mwaka jana, yaliyonizoesha kutoamini, mengine niliyaacha barabarani mimi mwenyewe siku pikapu iliponikwamia, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Ninaogopa. Nikibadilisha maneno yangu, huenda nikaingia kortini shahidi na kutoka mshtakiwa. Wataniuliza kwa nini nilikaa kimya miezi hii yote, na sina jibu la kueleweka ila aibu. Mama huwa anasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miezi minane, na mwisho wake yuko yeye, ameketi karibu na ule mlango wenye mkanda wako. Korti siiogopi kama ninavyoogopa uso wake.

Kwa hiyo nitaanza na yeye. Jumatano mchana, kabla hajabandika sufuria, nitamketisha nimwambie ni nani aliyekataa kupunguza. Akinifukuza, nitalala kwenye pikapu. Asiponifukuza, sufuria nitaibandika mimi.

Buriani, kaka. Sikukusikiza ulipokuwa kando yangu, na kwa hilo sikuombi unisamehe haraka. Ila Alhamisi, mbele ya yule dereva na mkewe na kila atakayekuwemo, nakuahidi nitasema hivi: majani yalikuwepo, yalikuwa mabichi, na ndugu yangu aliniambia nipunguze.

Dada yako,
Joan