Mashine Yako ya Mawe Ilinyamaza, Mama

Mwaitu, Mama yangu mpendwa,

Kwa heshima yote anayostahili mzazi, na kwa hofu ambayo sitajaribu kuificha, mimi mwanao Muthama ninakuandikia kukuarifu kwamba mashine yako ya kusugulia mawe ya mtoni hadi yang'ae ilisimama. Ingefaa nitangulize habari za mvua na za maharagwe, kama ilivyo adabu ya barua, lakini mkono umekataa. Ilisimama, Mama, na Baba akatoka nyumbani kwenda kukutafuta.

Naomba nieleze kwa utaratibu. Siku tulipokukimbiza hospitali uliiacha ikizunguka kule stoo, na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kuizima. Tulipotoka kaburini ilikuwa bado inanguruma, mawe yakigaragara ndani ya lile pipa lake dogo la mpira. Nilinyoosha mkono kwenye swichi. Baba, ambaye saa chache tu kabla ya hapo alikuwa amekumwagia udongo kwa mkono wake mwenyewe, akaniita kutoka sebuleni: "Mwache mama yako amalize kazi yake."

Sikuizima. Wala siku zilizofuata sikuizima.

Unajua jinsi akili ya Baba ilivyokuwa imeanza kumponyoka. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimrudisha kwenye sentensi aliyoiacha katikati. Baada yako, kilichobaki cha kumshikilia ni ile ngurumo. Akiisikia, kwake wewe uko stoo, na mambo yote ni sawa: anakula, analala, anaisifu chai. Stima ikipotea mimi humwambia kwamba stima imepotea, naye huridhika, maana hata wewe ulikuwa ukitoka uani ukiilalamikia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Lakini asubuhi ninayokueleza, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Baba si mjinga. Taa inawaka, mashine imenyamaza: basi mke wake ameondoka.

Nilikuwa zizini nikikamua. Ukungu wetu wa Mbooni ulikuwa umeteremka hadi mlangoni. Sikusikia kitu, na huko kutosikia ndiko kulikonishtua. Nilikimbia stoo nikakuta mota inavuma bila kuzunguka, moto kiasi cha kuunguza vidole, na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikachomoa waya. Niliporudi sebuleni, kiti kilikuwa kitupu na geti limeachwa wazi.

Mama, mimi huandikia watu wa kata nzima barua za maombi, hata wakanibandika jina la Katibu. Nimemwandikia chifu, nimeiandikia ofisi ya maji, na haijapata kutokea nikakosa neno. Nilipokuwa nikiteremka njia ile ya mtoni ulikokuwa ukiokota mawe, nikiteleza, nisione hata miguu yangu, nilikuwa na neno moja tu. Baba. Baba. Nililiita hadi likaacha kuwa neno. Na kila niliponyamaza kusikiliza, nilisikia maji tu huko chini.

Kijana wetu wa boda, Kyalo, ndiye aliyempata. Baba alikuwa amesimama pale kwenye kona ambapo mvua ilikula ukingo, kiatu cha kushoto amekivaa mguu wa kulia. Kyalo alimleta amempakata mbele kama mtoto, na hakujua acheke au alie. "Katibu," aliniambia, "mzee ameniambia nimpeleke kwa bibi yake. Nikamuuliza, bibi yuko wapi? Akasema, wewe endesha tu, utamsikia."

Dada yangu Ndanu alifika mchana kutoka Kambu. Aliacha kibanda chake cha matunda bila hata kukifunga vizuri, lakini njiani alipata nafasi ya kununua kufuli. Aliliweka mezani mbele yangu. "Muthama, wacha barua zako. Funga geti. Baba akianguka kule chini, utamwandikia nani?" Nilimwomba akae na Baba nami nikaifungua mota, nikaifunga kwa gunia, nikashuka nayo hadi Salama, mji uleule ulikoinunua mashine hii kwa wauza mitumba wa barabarani, Baba akauambia umma wote wa kanisa kwamba mkewe sasa anapika mawe na wageni wasiwe na haraka.

Fundi wa mota huko anaitwa Athumani, mtu wa asili ya pwani, mwenye maneno mengi na mikono isiyokosea. Aliifungua mota juu ya benchi, akaingiza kidole, akakinusa.

"Ndugu, haya ni mafuta ya kukamulia."

Nikasema hilo haliwezekani.

"Ni mafuta ya ng'ombe, bwana! Mlitaka mota itoe maziwa?"

Watu wote waliokuwa pale kibandani wakacheka. Mimi nilicheka nao kidogo ili aibu yangu isionekane, kisha nikaelewa, na kicheko kikanikauka mdomoni. Mkebe wa mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe kule zizini ulikuwa ukipungua na nilidhani ni mimi ninayepaka kwa wingi. Unakumbuka, Mama? Geti likilia, Baba hupaka mafuta ya kukamulia. Baiskeli, toroli, bawaba za mlango, hata miwani yako siku moja. Alikuwa ameisikia mota ikilia. Alikuwa akienda stoo kimya kimya, wakati mimi niko shambani, akiipaka shingo mashine yako.

Athumani alinieleza kwa upole alipoona uso wangu. Ule unga mkali wa kusugulia mawe uliruka kidogo kila pipa lilipofunguliwa, ukakaa humo stoo kama vumbi. Vumbi hilo lilinasa kwenye mafuta mazito, vikawa kitu kimoja, na kitu hicho kikaisugua mota kama vile mawe yanavyosuguliwa pipani. Bushi za shaba zinazoshikilia mhimili zilikuwa zimelika upande, mhimili umelala, mota inajikwaruza yenyewe kwa ndani. "Haijaungua," alisema, "lakini ilikuwa njiani. Ingewaka moto na nyumba yenu." Nilikaa chini kwenye tairi. Nilimwona Baba mawazoni, amelala usingizi, akiisikiliza ile ngurumo kwa furaha, na moto ukianza huko stoo.

Alichonga bushi mpya, akausafisha mhimili, akanipa mkanda mpya. Akaniagiza niweke mafuta ya cherehani. "Tone. Si kijiko. Na mzee mwambie apake ng'ombe."

Niliirudisha mahali pake jioni ile, nikaikaza, nikavuta mkanda. Nikawasha. Ikazunguka vizuri, Mama. Ikazunguka kimya. Ile ngurumo tuliyoizoea, ile aliyoipenda Baba, kumbe ilikuwa ni mota inayokufa. Sasa kilichosikika ni mawe tu, kwa mbali, mfano wa mtu anayetembea juu ya changarawe.

Nikamsikia sebuleni: "Ni nani huyo huko stoo?" Kisha kiti kikasogea. Kisha Ndanu: "Baba, kaa. Baba, tafadhali, kaa chini." Nilipoingia alikuwa akitafuta viatu, na dada yangu yuko mlangoni na kufuli mkononi, machozi yakimtoka.

Nilikuwa nimetayarisha sentensi. Ilikuwa sentensi nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Ilinipotea yote. Nikamshika Baba mkono, nikampeleka stoo, nikakiweka kiganja chake juu ya pipa.

Alitulia. Alifumba macho. Halafu akasema, kwa sauti ile ya zamani ya kunikosoa, "Haya yamekuwa laini. Hayashindani tena. Kwa nini hamjabadilisha unga?"

Sikujua kwamba alikuwa akikutazama ukifanya kazi miaka yote hiyo. Mimi sikuwahi kulifungua pipa hilo tangu ulifunge. Nilijiambia ni kwa kutojua, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kifuniko kile kilikazwa mara ya mwisho na mkono wako. Niliona kwamba nikikifungua, hata hicho kitakuwa kimekwisha.

Nilikifungua Baba akinielekeza. "Polepole, kina pumzi ndani." Kikatoa hewa, fyuu, Ndanu akaruka, na Baba akacheka hadi akakohoa. Ndani kulikuwa na tope la kijivu. Tuliyaosha mawe kwenye beseni, Baba ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiyapitisha moja moja kwenye vidole. Jekundu la rangi ya ini. La kijani. Moja jeupe lenye mshipa mweusi, ambalo alikataa kuliachia.

Akiwa amelishika hilo, aliniangalia kwa macho makavu, ya mtu ambaye akili imemrudia. "Muthama. Mama yenu yuko wapi?"

Wauguzi walitushauri tusimbishie, tumwache na anachoamini. Ndanu alinitikisia kichwa. Lakini hakuwa ameamini kitu, Mama, alikuwa ameuliza. Nikamwambia: "Alifariki, Baba. Tulimzika hapo juu, karibu na miparachichi. Wewe ulikuwepo."

Alilia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Tulimshika, mmoja huku na mmoja huku, na mashine haikuwa inazunguka, na hakujaribu kwenda popote.

Ningemaliza hapa ningekuwa nimekuandikia barua nzuri. Lakini asubuhi iliyofuata aliamka, akanywa chai, akauliza uko wapi. Na asubuhi iliyofuata tena. Siku nyingine anauliza kwa utani, kana kwamba umechelewa sokoni. Siku nyingine hakai, anavaa viatu. Hiki ndicho ninachokiogopa, Mama, kuliko mota, kuliko moto: kwamba kila asubuhi nitakuzika upya, na kwamba siku moja nitachoka. Ndanu amerudi Kambu na kufuli ameliacha juu ya kabati. Sijalitumia. Sitakudanganya kwamba sijaliangalia.

Kwa hivyo naweka ahadi hii mbele yako, kwa maandishi, ili nisiweze kuikana. Geti halitafungwa. Akiinuka kukutafuta nitaacha nilichoshika, hata kama ni kalamu, nitamvalisha viatu upande unaofaa, na tutatoka pamoja. Akitaka mtoni, tutateremka mtoni, nami nitatembea upande wa ukingo. Akitaka kupanda kwako, tutapanda. Akiuliza, nitamjibu. Nikiogopa, nitamjibu nikiogopa.

Lala salama, Mwaitu. Ninaishia hapa kwa sababu amesimama mlangoni, amevaa koti.

Mwanao mtiifu,
Muthama