Mbao za Darini

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na kile kikohozi cha vumbi la mbao? Mimi mzima. Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu unasema "nakusikia, nakusikia" huku unaendelea kupiga randa.

Fomu iliyomo humu ni ya kazini kwetu. Mwaka huu tunachunguza wazee wananunua nini, na jibu ni kwamba hawanunui. Watu wanazidi kuzeeka, watoto wanaozaliwa ni wachache, na pesa nyingi iko kwa waliostaafu, nao wameifungia kabatini. Duka likikosa mnunuzi linafungwa, vijana wanakosa kazi wanahama, na maduka yaliyobaki yanauza kidogo zaidi. Bosi wetu anasema wazee wameukalia uchumi. Nilicheka, halafu nikalikumbuka lile koti lako la tangu niko darasa la pili.

Baba, tuseme ukweli. Karakana ya madawati na vitanda vya watoto, katika mji usio na watoto, utaiendesha vipi? Mkataba wa pango unaisha Juni. Chumba chako hapa kwangu kiko tayari, hadi redio nimeweka. Funga, uje.

Kitinda mimba wako

19 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, na nyingine kumi juu yake. Goti linalalamika, mimi sina malalamiko. Kikohozi tumeshazoeana, kikichelewa asubuhi nakiulizia.

Fomu nimeijaza. "Mwaka jana ulijinunulia nini?" Nyembe, sabuni, betri za redio. "Kwa nini hukununua zaidi?" Mstari mliouacha ni mfupi, kwa hiyo namalizia hapa: hakuna anayeniuzia mimi. Viatu vya dukani ni vya watu wa kurukaruka. Masofa ya siku hizi ukizama humo unaitiwa majirani. Akiba ninayo, lakini nimeiweka kwa ajili ya mazishi yangu, sitaki mje kupitisha kofia. Hata mbao za jeneza ninazo. Unazijua, zile nyekundu sita zilizolala darini tangu mama yako alipotutoka. Kila mwezi napanda ngazi kuzifuta vumbi.

Kuhusu karakana umesema kweli, na imeniuma. Mwaka mzima nimeuza madawati matatu, kitanda cha mtoto hata kimoja. Haya, Juni nitafunga, shingo upande. Imebaki oda moja tu. Yule nesi mstaafu wa nyumba ya kona, aliyekudunga sindano zako zote za utotoni, anataka kiti.

Baba yako, Fundi

10 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo na nusu. Kaa chini ndipo usome.

Unaujua ule ufito wangu wa vipimo, wenye alama nilizochonga kwa kisu. Alama ya kiti na alama ya stuli ya kwenye meza ya kazi zimepishana vidole vinne. Basi miwani niliisahau nyumbani, nikafuata alama siyo. Kiti cha Nesi kikatoka kirefu, nami sikugundua mpaka kimeshafika kwake. Loo! Miaka arobaini ya ufundi! Siku mbili nikawa napita njia ya nyuma ili tusikutane.

Siku ya tatu huyo anakuja, kiti kiko kwenye toroli. Nikajua leo naumbuka. Akakiweka barazani, mbele ya wateja wa duka la rangi. Akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Akasimama, mikono ameiweka kichwani. "Fundi," akasema, "mwaka wa nne huu siinuki kwenye kiti bila kumwita jirani. Ulijuaje?"

Nikamwambia sikujua, nilikosea kipimo. Alicheka mpaka ikabidi akae.

Tangu hapo wazee wamenivamia. Mmoja anataka kiti cha kuogea, mwingine kitanda cha kushukia bila kuruka. Mwalimu mkuu mstaafu, yule bahili aliyekuwa akipasua njiti ya kiberiti apate mbili, ameagiza viti vinne na hakuomba hata apunguziwe. Nesi ndiye anayepima. Kila mteja anapimwa kutoka goti hadi kisigino, anaandikwa kwenye daftari kama mgonjwa. Ufito wangu ameupiga marufuku.

Mwenzangu Kipara, niliyemwachisha kazi kwa machozi, nimemrudisha. Mshona mito wa jirani amenunua cherehani ya pili. Na mwenye duka la rangi, ambaye alishatundika kibao cha kufunga, amekigeuza akaandika upande wa pili bei ya vanishi.

Waambie ofisini kwenu tumeinuka, uchumi uko wazi.

Baba yako, Fundi

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia habari zako, na hilo goti nalo sasa limekaa kimya, sivyo?

Barua yako nilimsomea bosi. Akauliza kwa ukali kwa nini fomu haina swali la vitu ambavyo wazee wanavitaka. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba fomu aliiandika yeye. Sasa tunaiandika upya.

Ila Juni ni Juni, baba. Wateja wako wana miaka sabini, themanini. Utawategemea mpaka lini? Na wewe mwenyewe unapanda ngazi kufuta vumbi mbao, peke yako! Silali vizuri nikifikiria hilo. Tiketi yako nimekata, ni ya tarehe ishirini na nane Juni.

Halafu huyo Nesi, bado anakuja kupima kila siku? Miguu ya mji mzima haijaisha tu?

Kitinda mimba wako

20 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui hata kama u mzima.

Ile tarehe ishirini na nane nilisimama kituoni mpaka abiria wa mwisho akashuka. Nimeandika mara mbili, kimya. Jana nikapiga simu, akapokea mwanamke, akasema "Fundi yuko juu ya ngazi," mara simu ikakatika. Baba! Umeanguka? Au umenikasirikia? Kama nilikulazimisha, nisamehe. Niandikie hata neno moja.

Kitinda mimba wako

6 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, sijaanguka, wala sikukasirikii. Nilikuwa naogopa. Mzee mzima nimejificha kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mwisho wa Juni nilitia saini mkataba wa miaka mitatu. Nilikuwa na mkoba tayari mlangoni, nikaangalia oda kumi na tisa ukutani, mkono ukaenda wenyewe. Hilo la kwanza.

La pili. Aliyepokea simu ni Nesi. Siku moja alinikuta nafuta vumbi zile mbao akaniambia, "Wewe umejiandaa kufa zaidi kuliko ulivyojiandaa kula chakula cha mchana." Kisha akanipakulia. Kesho yake akarudi na sahani mbili. Mwanangu, tunataka kuoana.

Siku ile uliyopiga nilikuwa nazishusha mbao. Natengeneza kitanda. Lakini nilizinunua kwa hesabu ya mtu mmoja, zikapungua mbili. Nesi akaenda kutoa akiba yake ya mazishi, akanunua mbili za rangi ileile. Muuza mbao aliuliza ni za nini. Akamjibu, "Za kulalia, tena tutaamka."

Mama yako nilimpenda na bado nampenda. Nesi analijua hilo, ndiye aliyemuuguza. Wewe ndiye ninayekuogopa. Tumepanga tarehe tano Septemba, lakini usipokuja sioi. Nimemwambia hivyo. Akasema sawa, atasubiri, kiti anacho.

Baba yako, Fundi

15 Agosti

Baba, na Mama Nesi,

Shikamooni. Natumaini mko wazima, na natumaini hakuna aliye juu ya ngazi.

Nimelia ofisini mpaka bosi akadhani nimefiwa. Nikamwambia ni kinyume chake. Baba, miaka yote hii zile mbao za darini zilinitisha kila nilipokuja likizo. Nilikuwa nalala nikiziangalia. Nashukuru zimeshuka.

Ile tiketi walikataa kunirudishia pesa, ila wamekubali kuigeuza. Sasa inatoka huku kuja huko, na ina jina langu. Nafika tarehe tatu.

Godoro msinunue, nalinunua mimi. Nitumieni vipimo vya kitanda, ila apime Nesi.

Binti yenu