Filamu ya Ami Abdulwahab

Kombani, 1998

Dada Mwanapili, shikamoo. Huku tu wazima, mbuzi wako amezaa pacha.

Siku hizi natafsiri filamu kwenye banda la video, na Kiingereza chenyewe nakibahatisha! Jana ilikuwa ya mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwa kusingiziwa uchawi. Ami Abdulwahab, aliyekufukuza wewe vivyo hivyo, alikuwapo. Nikashika maikrofoni, yule mfukuzaji nikampa jina la ami. Watu wakamgeukia, wakamzomea!

Mwishoni yule mwanamke anasamehe, eti Mungu ndiye aliyepanga. Mimi nikatafsiri, "Sisamehe hata kaburini!"

Ami akanijia akilia. "Waziri mwanangu, Mwanapili yuko wapi? Nimuombe radhi."

"Muulize Mungu, ami."

Ukitaka kumsamehe, samehe. Mimi kesho nairudia filamu, na kiti cha mbele nimemwekea yeye, bure.

Nduguyo mwenye kinyongo chako,
Waziri